Maziwa Yanayokatika Ijumaa

Sajini Mbaruku aliomba seredani na sufuria mbili kabla hajauliza jina la mtu yeyote. Jambo hilo halikumpendeza Bwana Abdala Mwinyimvua, mwenye kiwanda, kwani yeye alikuwa amemwita askari kanzu aje kukamata, si kupika.

"Bwana Sajini," alisema, "mhalifu ninaye. Yuko pale nje, amekalia gunia la mkaa. Kinachotakiwa ni pingu tu."

"Pingu ninazo," alijibu Sajini. "Sufuria ndizo sina."

Sufuria zililetwa, na mkaa ukachotwa katika gunia lile lile alilokalia mtuhumiwa, ambaye alisogea kwa heshima ili wenzake wachote. Huyo alikuwa Mwaija binti Dadi, mkubwa wa wanawake wa kiwandani. Kabla ya mashine kuja, yeye na wenzake ndio waliokuwa wakisukasuka maziwa vibuyuni tangu alfajiri mpaka siagi itokee. Lakini maziwa ya Miono na Kiwangwa yalizidi kuletwa kwa lori, wanunuzi wa Dar es Salaam nao wakazidi kuagiza, hata mikono ikashindwa. Ndipo Abdala alipoligeuza ghala la nyuma ya nyumba yake, hapa Bagamoyo mjini, akafunga humo mashine: tangi la kupashia maziwa moto, mabomba ya shaba, chombo cha kutenga malai, yaani mafuta ya juu ya maziwa, na pipa la siagi lizungushwalo kwa mkanda wa injini.

Mashine ilifanya kazi vizuri siku zote isipokuwa moja. Kila ilipofika Ijumaa asubuhi, maziwa yalikatika ndani yake, mabonge yakaziba njia, na yale yaliyosalia yakaharibika kwa joto kabla njia haijazibuliwa. Leo ilikuwa Ijumaa, na yalikuwa yamekatika tena. Abdala alikuwa amekwisha kula kiapo: yeyote aliyetia kitu ndani ya mashine ile angefikishwa mbele ya Liwali kesho yake, hata akiwa ndugu yake wa tumbo moja. Na mtu aliyemshuku alikuwa mmoja tu, Mwaija, aliyewahi kuiimba mashine ile kwa kejeli katika harusi ya jirani. Kama Mwaija angepatikana na hatia, yeye angefungwa, na wanawake wote waliokuwa chini yake wangefukuzwa kazi.

Sajini alikunja mikono ya kanzu yake, akachuchumaa mbele ya seredani.

"Nipeni maziwa ya bati ambalo halijafunguliwa tangu lishuke kwenye lori."

Akapewa.

"Sasa nipeni yale ambayo wanawake wamekwisha kuyachuja kwa kitambaa, lakini hayajamiminwa tangini."

Akapewa hayo pia. Akayatia kila moja katika sufuria yake, akapepea mkaa kwa kipepeo. Watu wote wa kiwandani walisimama kumzunguka kama wanaotazama wali wa harusi. Maziwa ya sufuria ya kwanza yaliumuka, yakatulia, yakafanya utando mzuri juu. Ya sufuria ya pili yakafanya vivyo hivyo.

"Mmeona?" Sajini aliuliza.

"Tumeona maziwa yamechemka," alisema Abdala. "Hata mpishi wangu angeweza kutuonyesha hayo."

"Tumeona zaidi ya hayo. Maziwa yaliyotoka shamba hayakukatika. Basi wafugaji na dereva wa lori hawana kosa. Maziwa yaliyopita mikononi mwa wanawake hayakukatika. Basi kitambaa chao na ndoo zao hazina kosa. Kilichobaki ni mashine."

Mtu mmoja aliruka kama aliyekanyagwa. Alikuwa Fundi Bwanaheri, aliyeletwa kutoka Tanga kuifunga mashine na kuiendesha.

"Mashine yangu haikosei!"

"Sikusema imekosea, Fundi. Mtu akiwa na mwiba mguuni hatumwiti mkosaji. Tunauliza nani aliuweka mwiba. Hebu nifungulie bomba, pale maziwa yanapoanza kukatika."

Fundi alichukua spana yake, akalegeza kiwiko cha bomba kilichokuwa chini ya tangi. Kiwiko kile kilikuwa kizito, kimepinda kama mkono wa mtu aliyeshika kiuno, na juu yake kilikuwa na kifuniko kidogo cha kuzungusha. Bonge jeupe la maziwa lilidondoka sakafuni. Sajini alilitandaza kwa kijiti, akakuta ndani yake nyuzi chache nyembamba, za rangi ya kahawia.

"Katani," alisema Fundi upesi. "Sisi mafundi huzungushia katani kwenye maungio ili yasivuje. Zimenyofoka, basi."

Sajini aliutia uzi mmoja mdomoni. Wanawake wakaguna. Aliutafuna kidogo, uso wake ukajikunja, jicho moja likafumba lenyewe.

"Fundi, katani ya Tanga ina uchachu?"

"Haina."

"Basi hii si katani." Aliutoa ule uzi, akauweka kwenye kiganja. "Nao uchachu wake si wa maziwa yaliyolala. Huu ni ukwaju."

Chausiku, kijana kuliko wanawake wote wa kiwandani na mwenye ulimi mwepesi kuliko wote, alijikuta amesema: "Ukwaju? Si dada Mwaija ndiye anayeuza maji ya uk—" Kisha akajiziba mdomo kwa pembe ya kanga yake.

"Umesikia!" Abdala alipiga kelele. "Wallahi umesikia, Sajini! Toa pingu."

Sajini hakutoa kitu. Alitoka nje, akamwamkia Mwaija, akaketi juu ya debe lililofudikizwa mbele yake.

"Bi Mwaija, ukwaju unauza?"

"Nauza, barazani kwangu, kila alasiri. Na Bwana Abdala mwenyewe hunywa bilauri mbili. Mbona tumbo lake halijakatika?"

Wanawake walicheka. Abdala akakohoa.

"Wanasema uliitukana mashine harusini."

"Sikuitukana, niliitania. Niliimba kwamba mke mwenza wetu amekuja na miguu ya chuma, hajui kupika, hajui kufua, kazi yake kunguruma tu kitandani. Harusi nzima walicheka. Hata Fundi alicheka, na huyo mke ni wake."

"Ni kweli nilicheka," alikiri Fundi.

"Alhamisi jioni ulikuwa wapi?"

"Kwangu. Lakini hata ningekuwa hapa, ningeingia wapi? Tangu mashine ije, Bwana Abdala ametupiga marufuku kuigusa. Sisi mwisho wetu ni mdomo wa tangi. Tunamimina, tunarudi nyuma, kama watu wanaolisha simba."

Sajini alimgeukia Abdala. "Ni kweli?"

"Kweli. Chombo cha thamani kile. Fundi peke yake ndiye anayekigusa. Hukiosha kwa maji moto kila jioni baada ya kazi, kisha mimi hufunga mlango na ufunguo hulala mfukoni mwangu."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi tunaanza moja kwa moja. Chombo kilichooshwa jioni kinaoshwa tena cha nini?"

Sajini alirudi ndani, akainama mbele ya mabomba. Yalikuwa yaking'aa. Bilula, vifuniko na kile kiwiko vilimeta hata uso wa mtu ukaonekana ndani yake, umepanuka kama chapati.

"Nani anayesugua shaba hii?" aliuliza.

Fundi alitabasamu kwa haya.

"Wanawake," alisema. "Mimi nilijua wananiomba radhi kwa ule wimbo wa harusini. Nikaona si vizuri kuwaumbua."

"Sisi?" alisema Chausiku. "Sisi hatukigusi! Tulisema huyu Fundi wa Tanga maridadi kweli, kila Ijumaa anaipamba mashine yake."

"Mimi nilidhani ni wewe, Fundi," alisema Abdala. "Nilikuwa na nia ya kukushukuru."

"Kila Ijumaa?" Sajini aliuliza taratibu. "Si Jumatatu? Si Jumatano?"

Wote walitazamana. Ilikuwa kweli. Katikati ya juma shaba ilififia, ikafanya madoa. Ijumaa ikang'aa upya. Kila mmoja alikuwa ameliona jambo hilo, akalisifu, wala asiulize.

Sajini alikiinua kile kiwiko kilichofunguliwa, akakielekeza dirishani, akachungulia ndani. Kisha akampa Fundi naye achungulie.

"Unaona nini?"

"Ndani nako kunang'aa."

"Mkono wako unaingia humo?"

"Hata wa mtoto mchanga hauingii."

"Kwa hiyo aliyeng'arisha ndani hakutumia mkono. Alitumia maji: maji ya ukwaju, yaliyomiminwa kwa kile kifuniko cha juu na kuachwa yalale humo. Bilula ya chini imefungwa, hayana pa kwenda. Asubuhi maziwa ya moto yakija, yanakutana nayo." Alikiweka kiwiko chini. "Mtu huyu hakukusudia kuharibu, Bwana Abdala. Mwenye nia mbaya hasugui bilula kwa nje. Huyu alikuwa akifanya usafi."

"Usafi gani huo wa kuingia katika ghala lililofungwa?"

"Ndilo swali langu la mwisho." Sajini alinyoosha kidole kwenye mlango mdogo uliokuwa ukutani, nyuma ya injini. "Ule unakwenda wapi?"

"Ule? Uani kwangu. Ule hauhesabiki, ni mlango wa nyumbani."

"Nao hufungwa kwa ufunguo?"

"Sajini, nitafunga nyumba yangu nisiingiliwe na nani?"

Sajini alitikisa kichwa polepole. Kisha akapangusa mikono yake, akasema kwamba moshi wa mkaa umemkausha koo, na kwamba kwa mila za mji huu alikuwa hajasikia bado mtu akimkaribisha kahawa.

Abdala aliona haya. Alimchukua upesi hadi ukumbini kwake. Njiani Sajini aliwaagiza wanawake wayafunike mabati yaliyosalia kwa magunia yaliyoloweshwa, wala wasiyamwage.

Ukumbini alikuwako Bi Somoe, mama yake Abdala, ajuza mnene mwenye macho ya kucheka, ambaye kwa umri wake hakuhitaji tena pazia mbele ya mgeni wa mwanawe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja kwa kheri?"

"Kwa kheri tu, Bibi. Nimekuja kuitazama mashine ya Bwana Abdala."

"Mashaallah! Umeiona ilivyopendeza?"

Abdala alitaka kusema neno, lakini Sajini alikuwa amekwisha kuangalia dele la kahawa lililoletwa juu ya sinia. Lilikuwa la shaba, kuukuu, nalo lilimeta kama limetoka dukani asubuhi ile. Alilishika kwa heshima, akafungua kifuniko, akachungulia.

"Bibi, nyumbani kwangu tunalo dele kama hili. Kwa nje mke wangu hulisugua likang'aa. Ila mdomo wake kwa ndani umeshindikana, mkono hauingii."

Bi Somoe alicheka kwa furaha ya mtu aliyeulizwa jambo analolijua.

"Mwambie mkeo asihangaike na mkono. Ukwaju! Auroweke, auchuje, amimine ndani Alhamisi baada ya Magharibi, alilaze. Shaba ikilala na ukwaju inaamka bibi harusi. Mimi kila Alhamisi nakusanya shaba yote ya nyumba hii: dele, masinia, upatu, vinara. Ijumaa isitukute wachafu."

"Na mashine je, Bibi?"

"Na mashine! Si ya shaba? Mwanangu huyu yuko msikitini mpaka Isha, nami huingia kwa mlango wa uani na kata yangu ya ukwaju. Wenzake wote wang'ae, chombo cha mwanangu kilale Ijumaa na madoa, kama kwamba hakina mama?"

Kikombe cha Abdala kilibaki hewani, si mezani wala si mdomoni.

"Na asubuhi, Bibi," Sajini aliuliza kwa sauti ya upole sana, "nani huvisuuza?"

"Wasichana. Kazi ya mtu mzima ni kutia ukwaju. Kusuuza ni kazi ya wasichana. Hapa nyumbani husuuza wakwe zangu, na huko kiwandani husuuza kina Mwaija. Miaka yote ndivyo walivyokuwa wakisuuza vibuyu." Alimtazama mwanawe, kisha Sajini, kisha mwanawe tena. "Kwani hawasuuzi?"

"Mama," alisema Abdala, "niliwakataza kuigusa."

"Uliwakataza kusuuza?"

"Niliwakataza yote."

"Basi ukwaju wangu umekwenda wapi?"

Hapakuwa na njia ya kuzunguka. Abdala alimweleza mama yake jambo ambalo nyumba nzima ilikuwa imemficha, kwa kuwa habari ya hasara haipelekwi kwa mzee: maziwa yaliyomwagwa, oda iliyochelewa, Mwaija aliyekalia gunia la mkaa akingoja pingu, na kiapo. Bi Somoe alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa. Kisha akainuka.

"Nipeni buibui langu. Si hilo la jikoni, lile jipya. Siwezi kwenda kwa Liwali na madoa ya mchuzi."

"Mama, hakuna atakayekupeleka kwa Liwali!"

"Umeapa, Abdala."

"Nitafunga saumu kwa ajili ya kiapo changu, nitalisha maskini!"

"Utafunga, na utawalisha. Tena utamshukuru Sajini huyu, maana leo ungemfunga mtoto wa watu kwa ukwaju wa mama yako. Na mimi mtanifuata."

Alipita mlango wa uani kwa mwendo wa msafara, Abdala na Sajini nyuma yake. Wanawake walipomwona akitokea nyuma ya injini walisimama wote. Bi Somoe hakuzungusha maneno. Aliwaeleza kata, ukwaju na kifuniko, kisha akamwita Mwaija aliyekuwa angali mlangoni.

"Mwaija, mwanangu. Nimekutia katika aibu bila kujua. Nakuomba radhi mbele ya wenzako."

Mwaija alipiga magoti haraka, akaishika mikono ya ajuza.

"Usiniombe wewe, Bibi, utaniletea laana! Wewe ni mama yetu." Akabaki ameishika mikono ile, lakini macho yake yakapanda hadi kwa Abdala. "Ila yupo hapa mtu mwingine ambaye akiniomba sitapata laana yoyote."

Chausiku alishindwa, akacheka kwa sauti. Fundi Bwanaheri akageuka kutazama ukuta, mabega yakimtikisika.

Abdala alivua kofia yake ya vitobo, akaishika kwa mikono miwili.

"Bi Mwaija, nilikudhania ubaya. Niliyasema hayo mbele ya watu, na mbele ya watu nayarudisha. Niwie radhi. Kazi yako ipo, na ya wenzako ipo."

"Nimekuwia radhi. Lakini kazi ile ya kumimina na kurudi nyuma siitaki tena."

"Unataka ipi?"

"Nataka hii." Alipiga ubapa wa mkono juu ya tangi. "Fundi atatufundisha kuifungua, kuisuuza na kuifunga. Na kuiwasha. Ukwaju wa Bibi hauna kosa, Bwana Abdala. Kosa ni kwamba palikuwa na kazi ya asubuhi, ukaifuta bila kuuliza ilikuwa ya nini."

Abdala alimtazama Sajini kana kwamba anamwomba msaada wa serikali.

"Mimi sina mamlaka ya mabomba," alisema Sajini. "Lakini kwa uchunguzi wangu, shahidi huyu amesema kweli."

"Fundi?"

"Mikono miwili haitoshi mashine hii," alisema Fundi, "na ya kwangu imechoka. Nitawafundisha. Kwa sharti moja: wasinitungie nyimbo."

"Hilo," alisema Mwaija, "hatuwezi kukuahidi."

Kazi ilianza papo hapo. Fundi alionyesha jinsi ya kushika spana, na Mwaija akalegeza bomba kwa bomba, wenzake wakipokea. Walivisuuza vyote kwa maji ya moto, wakavinusa kimoja kimoja, na kiwiko akakisuuza Mwaija mwenyewe mpaka maji yakatoka bila rangi wala harufu. Bi Somoe aliketi juu ya debe akisimamia, akitaka kujua kwa nini bilula ya tatu haikupewa haki yake. Magunia yalifunuliwa, maziwa yaliyosalia yalikuwa baridi na matamu. Yakachujwa, yakamiminwa.

"Haya," alisema Fundi. "Vuta hapa, kwa nguvu, halafu uache."

Mwaija alifunga kanga kiunoni, akavuta. Injini ilikohoa, ikasita, kisha ikanguruma, na mkanda ukaanza kukimbia. Watu walilikodolea macho bomba. Maziwa yalipita kwenye kiwiko, yakapanda chomboni, na kwa kitambo hapakuonekana kitu. Halafu malai yakatokea kwenye mdomo wa pili, mazito, ya rangi ya mbalamwezi, yakashuka ndooni bila hata bonge moja. Vigelegele vya wanawake vilizidi mngurumo wa injini.

Abdala hakuweza kujizuia. Alisogea, akakikunjua kidole chake cha shahada, akakipeleka ndooni ili aonje.

Mwaija alimpiga kofi mkononi.

"Nawa kwanza, Bwana," alisema, akamwonyesha ndoo ya maji.